Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Udhaifu wa Kujipandishia Mamlaka katika Mifumo Endeshi

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa mafundi na wasimamizi wa seva ninaokutana nao kazini, wengi wao wakiwa watu wanaotunza mashine kumi au ishirini za ofisi, chuo au zahanati bila kuwa na kitengo cha usalama cha kuwasaidia. Swali la tatu ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu jibu ambalo watu hujipa wenyewe limewagharimu wengi.

1. Udhaifu wa kujipandishia mamlaka ni nini hasa?

Ni kosa lililomo katika mfumo endeshi, au katika programu inayofanya kazi kwa niaba ya mfumo huo, ambalo humwezesha mwenye ruhusa ndogo kujitwalia ruhusa kubwa ambazo hakuna aliyempa. Karani mwenye akaunti ya kawaida anageuka kuwa msimamizi wa mashine nzima, au programu iliyopaswa kusoma folda moja tu inapata uwezo wa kufuta diski. Jambo hili lisichanganywe na wizi wa nywila. Mshambuliaji hapa hahitaji kuijua nywila ya msimamizi hata kidogo, kwa kuwa ni mfumo wenyewe unaokosea hesabu na kumfungulia.

Wataalamu hutofautisha kupanda juu, yaani kutoka mtumiaji wa kawaida hadi mtumiaji mkuu, na kwenda kando, yaani kuingia katika mali ya mtumiaji mwingine wa ngazi ileile. Ukurasa huu unahusu kupanda juu.

2. Mfumo endeshi unajuaje nani ana mamlaka gani?

Kazi hiyo huanzia ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa za jamii ya x86 zina ngazi nne za ulinzi, kuanzia 0 hadi 3, ingawa Linux na Windows hutumia mbili tu: ngazi ya 0 ni ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na ngazi ya 3 ni ya programu zote za watumiaji. Programu inayotaka kusoma faili haiigusi diski. Huiomba kerneli, na kerneli kabla ya kutekeleza ombi huangalia ni nani anayeomba. Katika Linux kila mchakato, yaani programu inayoendeshwa, hubeba namba ya mtumiaji aliyeuanzisha, na mwenye namba 0, yule anayeitwa root, hupita karibu kila mlango bila kuulizwa. Katika Windows kila mchakato hubeba tokeni inayoeleza vikundi na haki zake, na akaunti inayoitwa SYSTEM ina nguvu kuliko hata msimamizi wa kawaida.

Anayetaka kupanda, basi, ana njia mbili: aidanganye kerneli yenyewe, au aishawishi programu ambayo tayari ina mamlaka makubwa imfanyie kazi yake. Karibu kila kisa nitakachokitaja humu ni kimoja kati ya hivyo viwili.

3. Kama mshambuliaji ni lazima awe tayari ndani ya mashine, kwa nini nihangaike?

Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika. Msimamizi anasoma taarifa ya kiusalama, anaona imeandikwa kuwa udhaifu ni wa ndani, anaona umepewa alama 7.8 kati ya 10 katika CVSS, kipimo cha uzito wa udhaifu, ilhali mwingine umepewa 9.8, na anauahirisha hadi mwisho wa mwezi. Alama hiyo imepungua kwa sababu kipimo kinauhesabu udhaifu mmoja mmoja, kana kwamba mshambuliaji atakuja na chombo kimoja tu mkononi. Washambuliaji hawafanyi kazi hivyo. Wao huunganisha: udhaifu wa kwanza huwaingiza, wa pili huwapandisha.

Chukua mfano wa miezi miwili inayofuatana. Mnamo Desemba 2021 ulitangazwa udhaifu wa Log4Shell katika Log4j, maktaba ambayo programu za Java huitumia kuandika logi, nao ukapewa alama 10 kamili, kwa kuwa mtu aliye mbali aliweza kuendesha msimbo wake kwenye seva kwa kutuma maandishi tu. Dunia nzima ilikesha. Lakini kwenye seva iliyopangwa vizuri, huduma ya Java huendeshwa na akaunti isiyo na mamlaka, kwa hiyo aliyeingia kwa njia hiyo angejikuta katika chumba kidogo. Tarehe 25 Januari 2022 ukatangazwa PwnKit, udhaifu wa ndani wa alama 7.8, ambao humgeuza mtumiaji yeyote wa kawaida kuwa root kwa sekunde chache. Seva iliyokuwa na vyote viwili haikuwa na tatizo kubwa na tatizo la wastani. Ilikuwa na mlango wa nje na mlango wa hazina vyote vikiwa wazi.

Stuxnet, ile programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010 na iliyolenga mitambo ya kurutubisha urani nchini Iran, ilibeba aina nne za udhaifu wa Windows uliokuwa haujajulikana kwa umma. Miwili kati ya hiyo ilikuwa ya kujipandishia mamlaka: mmoja katika namna Windows inavyopakia mpangilio wa kibodi, mwingine katika huduma ya kupanga kazi kwa saa. Waandishi wake walijua kwamba kuingia tu hakutoshi.

Kuna jambo la karibu zaidi pia. Neno “ndani” halimaanishi mtu aliyekaa mbele ya kibodi. Kila tovuti unayoihifadhi, kila skripti ya PHP ambayo mteja amepakia, kila mwanafunzi mwenye akaunti kwenye maabara, na kila kiambatisho kilichofunguliwa na mhasibu tayari viko ndani.

4. Makosa haya hutoka wapi?

Chanzo kimoja cha kale bado kinazaa. Mtumiaji wa kawaida lazima aweze kubadili nywila yake, lakini faili inayotunza nywila haipaswi kuandikwa na mtu mwingine isipokuwa root. Dennis Ritchie wa Bell Labs alilitatua hilo kwa alama inayoitwa setuid, ambayo ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1979: programu yenye alama hiyo huendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili, si ya aliyeianzisha. Ni wazo zuri na rahisi, lakini lina deni ndani yake. Kila programu ya setuid inayomilikiwa na root imekuwa afisa anayepokea maombi kutoka kwa mtu asiyeaminika huku akiwa ameshika funguo zote, na kosa dogo katika kusoma ombi ni kosa la mwenye funguo.

Vyanzo vingine ni usimamizi mbovu wa kumbukumbu, ambapo programu huandika nje ya mipaka ya nafasi iliyotengewa. Mashindano ya wakati, ambapo kerneli hukagua jambo na kulitekeleza baadaye kidogo huku mshambuliaji akilibadili katikati. Na mipangilio mibaya ya ruhusa, ambayo si kosa la mwandishi wa programu bali letu sisi tunaozisimamia. Dirty COW, uliotangazwa Oktoba 2016, ulikuwa wa kundi la mashindano ya wakati, nao ulikuwa umekaa katika kerneli ya Linux tangu mwaka 2007.

5. PwnKit ulifanyaje kazi?

Naueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu hakuna kisa kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi kitu kidogo kinavyoweza kubomoa kikubwa.

Programu ya pkexec ni sehemu ya polkit, na kazi yake ni kumruhusu mtumiaji aendeshe amri kwa mamlaka ya mwingine baada ya kuidhinishwa. Ina alama ya setuid. Sasa, kila programu inapoanzishwa katika Linux hupokea orodha mbili zinazofuatana katika kumbukumbu: orodha ya hoja (maneno yanayoandikwa katika amri), ambayo ya kwanza kwa desturi huwa ni jina la programu yenyewe, na mara baada yake orodha ya vigeu vya mazingira (mipangilio ambayo programu huikuta imewekwa). Mwandishi wa pkexec alianza kuzisoma hoja kutoka ile ya pili, akiamini kwamba ya kwanza ipo siku zote. Lakini Linux ya wakati huo ilikubali programu ianzishwe bila hoja hata moja. Ikianzishwa hivyo, mahali ambapo pkexec ilitarajia kukuta hoja ya pili palikuwa na kigeu cha kwanza cha mazingira.

Hapo pkexec ilikisoma kigeu kile ikidhani ni jina la programu ya kuendesha, ikatafuta njia yake kamili, kisha ikaiandika njia hiyo palepale. Kwa maneno mengine, ilimwandikia mshambuliaji kigeu kipya cha mazingira. Jambo hili ni zito kwa sababu baadhi ya vigeu, kama GCONV_PATH kinachoielekeza maktaba ya C mahali pa kutafuta moduli za kubadili herufi, huondolewa kwa makusudi kabla programu ya setuid haijaanza, maana ni hatari. Hapa kilichoondolewa mlangoni kilirudishwa kupitia dirishani. Pkexec ilipotaka kuchapisha ujumbe wa kosa, maktaba ilipakia moduli iliyoandaliwa na mshambuliaji, ikaiendesha kwa mamlaka ya root.

Kosa hilo lilikuwemo tangu toleo la kwanza la pkexec mnamo Mei 2009. Waliolifichua ni watafiti wa kampuni ya Qualys, walewale ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wamefichua kosa la sudo, programu ya kuendesha amri kama root, lililopewa jina la Baron Samedit, nalo lilikuwa limekaa karibu miaka kumi. Waliosubiri kiraka, yaani sasisho la kuziba kosa, waliweza kujikinga kwa kuiondolea pkexec alama ya setuid kwa amri moja ya chmod, ile ya kubadili ruhusa za faili. Kuanzia toleo la 5.18, kerneli ya Linux ikipewa orodha ya hoja iliyo tupu huitia hoja moja isiyo na herufi, hivyo orodha haibaki bila kitu.

6. Na Dirty Pipe?

Huu, udhaifu wa kerneli ya Linux uliotangazwa mwaka 2022, nauheshimu kwa namna ulivyogunduliwa. Max Kellermann alikuwa akishughulikia malalamiko ya mteja katika kampuni ya Kijerumani inayohifadhi tovuti: faili za logi zilizobanwa kwa gzip zilikuwa hazifunguki vizuri. Alirekebisha faili iliyoharibika, akafunga malalamiko, na baada ya muda yakarudi. Alipozipanga faili mbovu kwa tarehe aliona kwamba nyingi zilikuwa za siku ya mwisho ya mwezi, na kwamba baiti nane za mwisho katika kila moja zilikuwa zilezile. Baiti hizo zilikuwa mwanzo wa kichwa cha orodha ya faili ya ZIP.

Seva yao ilikuwa ikiwaunganishia wateja logi za siku zote za mwezi kuwa faili moja ya ZIP, na kichwa hicho kiliandikwa mara baada ya logi ya siku ya mwisho. Lakini mchakato uliokuwa ukitengeneza ZIP haukuwa na ruhusa ya kuziandika faili zile, bali kuzisoma tu. Kama faili inabadilika na hakuna programu yenye ruhusa ya kuibadilisha, mshukiwa anayebaki ni kerneli.

Na ndivyo ilivyokuwa. Linux huweka nakala ya faili inayosomwa katika kumbukumbu, na data inapopitishwa kutoka faili kwenda kwenye bomba, yaani njia inayounganisha michakato miwili, kerneli huokoa muda kwa kuelekeza bomba kwenye nakala ileile badala ya kunakili upya. Alama moja inayosema “data mpya inaweza kuongezwa kwenye ukurasa huu” haikuwa ikisafishwa kabla ya matumizi. Ikitokea imebaki kutoka matumizi ya awali, kinachoandikwa kwenye bomba huishia juu ya nakala ya faili. Kuanzia toleo la 5.8 la kerneli, mtumiaji yeyote aliyeweza kuisoma faili aliweza pia kubadili nakala yake, hata ile ya /etc/passwd, faili inayoorodhesha watumiaji wa mashine.

Kellermann aliwaarifu watunzaji wa kerneli tarehe 20 Februari 2022, matoleo yaliyorekebishwa yakatoka tarehe 23, na maelezo yakawekwa hadharani tarehe 7 Machi. Funzo la ufundi ninalolichukua ni kwamba hakulichukulia faili bovu kuwa bahati mbaya.

7. Je, Windows na macOS zina nafuu?

Hapana. Katikati ya mwaka 2021 huduma ya uchapishaji ya Windows, ambayo huendeshwa kwa mamlaka ya SYSTEM, ilikutwa ikimruhusu mtumiaji wa kawaida kusakinisha kiendeshi cha printa alichokitengeneza mwenyewe. Ndiyo PrintNightmare, na iliweza kutumiwa hata kupitia mtandao. Mwezi wa Julai mwaka huohuo ikabainika kwamba katika matoleo ya Windows 10 kuanzia 1809, faili ya SAM inayotunza nywila zilizofichwa ilikuwa inasomeka na watumiaji wa kawaida kupitia nakala za kivuli, yaani nakala za akiba ambazo Windows hujitengenezea yenyewe. Zingatia kwamba kiraka peke yake hakikutosha: ilibidi pia nakala za kivuli za zamani zifutwe, na wengi hawakufika hatua hiyo.

Upande wa macOS, Novemba 2017 toleo la High Sierra lilimkubali mtu aliyeandika jina la root na kuacha nafasi ya nywila tupu. Apple walitoa kiraka siku moja baada ya jambo hilo kujulikana.

8. Simu zimo pia?

Zimo. Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux, na Dirty Pipe ilijaribiwa ikafanya kazi kwenye Pixel 6. Fundi anayeiruti simu yako, yaani anayekupatia mamlaka ya root, kwa programu ya kubofya mara moja kwa kawaida anatumia udhaifu wa aina hii, na programu hasidi hutumia uleule bila kukuuliza. Mwaka 2017 programu hasidi ya ZNIU ilionekana ikitumia Dirty COW kwenye simu za Android. Simu ambayo mtengenezaji ameacha kuipa masasisho haipaswi kubeba akaunti yako ya pesa, hata kama kioo chake bado kizuri.

9. Natumia kontena. Je, nimekingika?

Kwa sehemu tu. Kontena, yaani visanduku vinavyotenganisha programu kama vile vya Docker, zote katika mashine moja hushirikiana kerneli moja, kwa hiyo kosa la kerneli ni la zote. Aidha, kumweka mtumiaji katika kikundi cha docker ni sawa na kumpa root, kwa sababu anaweza kuanzisha kontena inayobeba diski nzima ya mashine mwenyeji. Nimekuta kikundi hicho kina watu ambao hata sudo walinyimwa.

10. Nianzie wapi kukagua mashine zangu?

Anza na mambo yasiyohitaji programu maalumu. Amri ya `find / -perm -4000 -type f` itakuorodheshea programu zote zenye alama ya setuid. Iendeshe leo, itunze orodha, na uilinganishe mwezi ujao. Amri ya `sudo -l` inaonyesha mtumiaji ameruhusiwa nini, nawe utashangaa ni mara ngapi mtu ameruhusiwa kuendesha kihariri cha maandishi kama root, ilhali ndani ya kihariri hicho anaweza kufungua ganda la amri. Katika Windows, angalia nani yumo katika kikundi cha wasimamizi, na huduma zipi zinaendeshwa kutoka folda ambazo mtumiaji wa kawaida anaweza kuziandika.

Kisha kagua kazi za cron, yaani zile zinazojiendesha kwa saa zilizopangwa. Niliwahi kuitwa kwenye taasisi moja kukagua seva iliyokuwa na akaunti za wanafunzi zaidi ya mia. Kerneli ilikuwa mpya, viraka vyote vimebandikwa, na mtunzaji wake alikuwa kijana makini. Lakini kila siku saa nane usiku root aliendesha skripti ya kuchukua nakala za akiba, na skripti hiyo ilikuwa na ruhusa `rwxrwxrwx`, yaani kila mtu aliweza kuisoma, kuiandika na kuiendesha. Fundi aliyetangulia alikuwa ameandika chmod 777 siku skripti ilipogoma, ikakubali, akaondoka. Kwa miaka mitatu mwanafunzi yeyote angeweza kuongeza mstari mmoja mwishoni mwa faili ile, akalala, na kuamka akiwa mmiliki wa seva. Tuliirekebisha kwa amri mbili. Kutafuta kama kuna aliyewahi kuitumia nafasi hiyo kulituchukua wiki nzima.

11. Nikishabandika kiraka nimemaliza?

Kiraka cha kerneli hakianzi kazi mpaka mashine iwashwe upya, isipokuwa kama unatumia huduma ya kubandika viraka bila kuzima. Faili mpya iko kwenye diski, lakini inayoendesha mashine ni ile ya zamani iliyoko katika kumbukumbu. Linganisha jibu la `uname -r`, linaloonyesha kerneli inayoendesha mashine, na toleo ulilosakinisha. Nasema hili kwa uzito kwa sababu wapo wasimamizi wanaojivunia seva iliyokaa siku mia saba bila kuzimwa; idadi hiyo ni siku mia saba za makosa ya kerneli ambayo hayajazibwa. Panga dirisha la kuwasha upya kila mwezi, liandikwe, na wakubwa waliidhinishe kabla dharura haijafika.

12. Ofisi yetu inategemea bando. Tutamudu vipi kushusha masasisho kwenye kila kompyuta?

Usishushe mara ishirini kitu kilekile. Kwa mashine za Debian na Ubuntu, weka apt-cacher-ng, programu inayotunza vifurushi vilivyokwisha kushushwa, kwenye kompyuta moja, na nyingine zote zichukue vifurushi kutoka kwake. Windows 10 na 11 zina mpangilio wa kugawana masasisho kati ya kompyuta zilizo katika mtandao mmoja wa ndani, uwashe. Bando likiwa dogo sana, tanguliza viraka vya kerneli, sudo, polkit na huduma ya uchapishaji kabla ya vile vya programu za kawaida.

Ambalo siwezi kulipatia njia ya mkato ni Windows iliyokrakiwa. Kraki yenyewe huomba ruhusa ya msimamizi ili ifanye kazi, na aliyeiandika humjui. Hapo mamlaka umeyakabidhi kwa mkono wako kabla ya udhaifu wowote kutumika.

13. Naweza kujaribu mambo haya ili nijifunze?

Unaweza, kwenye mashine yako au mashine pepe uliyoiunda mwenyewe, na nakuhimiza, kwa kuwa aliyeona kwa macho yake mtumiaji wa kawaida akigeuka root haahirishi viraka tena. Kwenye mashine ya mwajiri, chuo au mteja unahitaji idhini ya maandishi. Kuingia katika mfumo bila idhini ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na vilevile chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta, hata kama hukuharibu chochote.

14. Nikigundua udhaifu mpya nimwambie nani?

Mwambie kwanza mtunzaji wa programu husika. Kerneli ya Linux ina anwani maalumu ya masuala ya usalama, na kampuni kubwa zina kurasa zao. Ukikosa majibu, au ikiwa udhaifu unagusa taasisi za hapa kwetu, wasiliana na vituo vya kitaifa vya matukio ya usalama wa mtandao: TZ-CERT nchini Tanzania au KE-CIRT/CC nchini Kenya. Katika taarifa yako taja toleo kamili la mfumo, hatua za kulirudia kosa kutoka mwanzo, ruhusa alizokuwa nazo mtumiaji kabla na baada, na programu fupi kabisa inayolionyesha. Ile ya Kellermann ilikuwa na mistari michache tu: mchakato mmoja ukiandika herufi A kwenye faili, mwingine ukiandika herufi B kwenye bomba, na herufi B zikijitokeza ndani ya faili ambayo mchakato wa pili haukuwahi kuruhusiwa kuigusa.